KUOANISHA SI KUUNGANISHA: Historia Fupi ya Visikizi Visivyo na Waya na Funzo Lake kwa Wanaistilahi

1. Utangulizi

Mapema mwaka huu tulikabidhiwa mwongozo mfupi wa matumizi ya kishikwambi, ulioandikwa kwa ajili ya walimu, ili tuupitie kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa. Mwongozo huo haukuwa na makosa mengi ya sarufi. Sentensi zake zilikuwa fupi na herufi zake zilisomeka. Lakini katika ukurasa ulioeleza namna ya kutumia visikizi visivyo na waya, yaani vile ambavyo watu wengi huviita hedifoni, tulikuta agizo lifuatalo: "Unganisha visikizi na kishikwambi. Vikishaunganishwa, viunganishe kila unapotaka kusikiliza." Tuliisoma sentensi hiyo mara tatu, na kila mara ilitushinda. Tulipomwuliza mfasiri, alitujibu kwa unyofu kwamba lugha aliyotafsiri ilikuwa na vitenzi viwili, naye alikuwa na kitenzi kimoja tu cha Kiswahili ambacho aliona kinatosha kwa vyote viwili.

Jambo hili lingeonekana dogo kama tusingeuona mwongozo huo ukitumika. Tulikwenda katika shule moja kuujaribu. Mwalimu alifuata maagizo hatua kwa hatua, akamvalisha visikizi mwanafunzi mmoja ambaye macho yake ni dhaifu na ambaye husomewa maandishi na kishikwambi chenyewe. Kipindi kikaanza. Mtoto alitulia tuli, mikono juu ya dawati, akisikiliza. Kipindi kilipokwisha ikagunduliwa kwamba muda wote ule alikuwa akisikia somo la Jiografia la chumba cha pili. Visikizi vile vilikuwa vimekwisha kuoanishwa na kishikwambi cha mwalimu wa huko juma lililotangulia, na mara vilipowashwa vilimrudia mwenzi wao. Mtoto hakusema neno kwa kuwa alidhani ndilo somo lililokusudiwa. Mwalimu naye hakuwa na kosa. Aliambiwa aunganishe, na kwa yote aliyoyaona vitu vilikuwa vimeunganika.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba tofauti kati ya kuoanisha na kuunganisha haikubuniwa na wafanyabiashara ili kuongeza msamiati, bali imezaliwa na historia ya chombo chenyewe. Tutaanza na waya, kwa sababu mtu hawezi kuelewa kilichowekwa mahali pa waya kama hajui waya ulikuwa ukifanya kazi gani.

2. Waya na kazi zake mbili

Lugha yetu ina ushahidi wake katika jambo hili. Neno simu tumelipokea kutoka Kiajemi, ambako asili yake ni waya au uzi wa madini. Mwaka 1879 waya wa simu uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kwa watu wa pwani habari zilikuwa zikisafiri ndani ya ule waya, na kwa hiyo jina la waya likawa jina la habari yenyewe: kupiga simu, kuletewa simu. Baadaye ilipokuja mitambo ya kupeleka habari bila waya, wasemaji wa Kiswahili hawakusita. Waliiita simu ya upepo. Ukilichambua jina hilo kwa asili yake utapata "waya wa upepo", yaani waya usiokuwapo. Nasi leo tunaposema "simu isiyo na waya" tunasema, kwa asili ya maneno, waya usio na waya. Hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo, maana matumizi yamekwisha kulitenga neno na asili yake. Hata hivyo ni vema mwanaistilahi akumbuke kwamba jina la waya limedumu zaidi ya waya wenyewe.

Visikizi vya kwanza vilikuwa vifaa vya wahudumu wa simu katika karne ya 19. Vilikuwa vizito, vyenye sikio moja tu, na vingine viliegemezwa begani. Visikizi vinavyofanana na vya leo, vyenye masikio mawili na utepe wa kupita kichwani, vilitengenezwa na Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, ambaye mwaka 1910 aliviuza kwa Jeshi la Majini la nchi hiyo. Baldwin aliviunda jikoni kwake, na jeshi lilipotaka vingi kwa mara moja hakuweza kutimiza, kwa kuwa jiko halikuwa kiwanda.

Jambo la kuzingatia hapa ni kazi ambayo jeshi lilivitakia visikizi hivyo. Vilikuwa vya kusikilizia redio melini. Miaka michache kabla, Guglielmo Marconi alikuwa ametangaza kwamba tarehe 12 Desemba 1901 akiwa Newfoundland alisikia ishara iliyorushwa kutoka Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Alizisikia kwa kuweka sikioni kipokea sauti cha simu. Kwa hiyo mawimbi yalivuka bahari nzima bila waya, lakini safari ya mwisho, ile ya mkono mmoja kutoka mtamboni hadi sikioni, ilikwenda kwa waya. Hali hiyo iliendelea kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Kichomeo cha visikizi kilitokana na vichomeo vya meza za wahudumu wa simu, kikapunguzwa hadi kipenyo cha milimita 3.5, na kikaenea ulimwenguni pamoja na redio ndogo za mkononi. Walkman ya Sony ya mwaka 1979, ambayo ilimwezesha mtu kutembea barabarani na muziki wake, nayo ilikuwa na waya.

Kwa nini waya ulidumu kiasi hicho katika mkono ule mmoja wa mwisho? Sababu mojawapo ni kwamba ulikuwa ukifanya kazi mbili, nasi kwa kawaida tunaiona moja tu. Kazi ya kwanza ilikuwa kupitisha sauti. Kazi ya pili ilikuwa kushuhudia. Aliyetaka kujua visikizi hivi ni vya redio ipi aliufuata waya kwa macho hadi mwisho wake. Hakuna aliyehitaji kuuliza, wala hapakuwa na kitenzi cha tendo hilo, kwa kuwa tendo lenyewe lilikuwa limejificha ndani ya kuchomeka. Mtu alichomeka, na kwa tendo hilo moja visikizi vilijulishwa mwenzi wao na kupata sauti papo hapo.

Waliojaribu kuondoa waya mapema waliipata ile kazi ya kwanza na kuikosa ya pili. Kabla ya mwisho wa karne iliyopita vilikuwapo visikizi vilivyotumia mawimbi ya redio, na vingine vilivyotumia mionzi ya infraredi. Sauti ilifika. Lakini ilimfikia kila mwenye kipokezi cha namna ile aliyekuwa karibu. Kisikizi hakikuwa na njia ya kusema, "Huyu ndiye wangu, na yule siye."

3. Lund, 1994: jina la muda lililodumu

Kuanzia mwaka 1994 katika mji wa Lund, Uswidi, kampuni ya Ericsson iliwapa wahandisi wake, miongoni mwao Jaap Haartsen kutoka Uholanzi na Sven Mattisson wa Uswidi, kazi ya kutafuta njia ya redio ya masafa mafupi, yenye kutumia umeme kidogo, ambayo ingechukua mahali pa waya mfupi kati ya simu ya mkononi na vifaa vyake. Mwaka 1998 kampuni tano, yaani Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, ziliunda umoja wa kuisimamia njia hiyo ili kifaa cha kampuni moja kiweze kuelewana na kifaa cha nyingine. Jina lililotumika ni Bluetooth.

Historia ya jina hilo yafaa isomwe na kila mwanaistilahi. Lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel baada ya mazungumzo yake na Mattisson kuhusu historia ya watu wa Skandinavia. Harald Gormsson, mfalme wa Denmark katika karne ya 10, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu, ndiye aliyesimamisha jiwe kubwa la Jelling kwa kuwakumbuka wazazi wake, na katika maandishi ya jiwe hilo anajisifu kuwa aliitwaa Denmark yote pamoja na Norwe. Kardach aliona kwamba kama mfalme huyo alivyounganisha makabila, ndivyo njia hii itakavyounganisha kampuni za simu na za kompyuta. Alama ya njia hiyo, ambayo wasomaji wameiona kwenye vishikwambi vyao, ni herufi mbili za maandishi ya kale ya Kiskandinavia zilizofungwa pamoja, zenye kuwakilisha herufi za mwanzo za jina la mfalme.

Lakini jina hilo halikukusudiwa kudumu. Lilikuwa la muda, la kufanyia kazi tu hadi wataalamu wa biashara watakapoleta jina la heshima. Majina mengine mawili yalipendekezwa. La kwanza lilikutwa tayari linatumiwa na wengi mno, na la pili halikuweza kuchunguzwa kisheria kwa wakati. Siku ya kutangaza ikafika, likatangazwa lile la muda. Sisi tuliokaa katika vikao vya istilahi tunaujua mwendo huu. Neno lililoandikwa kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa, "kwa sasa tu", hukutwa miaka 20 baadaye limo katika vitabu vya shule.

Tumewahi kuulizwa kama jina hili lifasiriwe. Jibu letu ni la. Bluetooth ni jina la pekee lililotokana na lakabu ya mtu, na majina ya pekee hayafasiriwi. Anayeandika "jino la buluu" katika mwongozo wa kishikwambi atamfanya msomaji atafute meno yasiyokuwapo. Kazi yetu inaanza pale jina linapoishia na matendo yanapoanza.

4. Matendo yenyewe

Tueleze sasa mambo yanayotokea, kwa kuwa istilahi isiyotanguliwa na maelezo ni kibandiko tu.

Njia hii hutumia mawimbi ya mkanda wa gigahezi 2.4, ambao hutumiwa pia na mitambo mingine mingi ya nyumbani na ofisini. Ili sauti isikwame katika msongamano huo, mkanda umegawanywa katika vijia 79, na vifaa viwili vinavyozungumza huruka pamoja kutoka kijia kimoja hadi kingine hata mara 1,600 kwa sekunde moja. Wazo la kuruka kwa pamoja si geni. Mwaka 1942 Hedy Lamarr, mwigizaji wa sinema, na George Antheil, mtunzi wa muziki, walipata hataza nchini Marekani ya mtambo wa kuongoza makombora ya majini kwa mawimbi yenye kurukaruka, ili adui asiweze kuyavuruga. Kinachotakiwa ni kwamba warukaji wawe wamekubaliana mpangilio. Asiyeujua atasikia vipande tu.

Kwa hiyo kabla ya sauti yoyote kupita, vifaa viwili havina budi kufahamiana. Hatua ya kwanza ni kisikizi kujitangaza. Mtumiaji hubonyeza kitufe na kukishikilia mpaka taa imwekemweke, na kwa muda huo mfupi kisikizi hukubali kuonekana na vifaa vilivyo karibu. Kila kifaa kina anwani yake ya biti 48, na kinaweza kutanguliza jina la kusomeka na binadamu. Hatua ya pili ni mtumiaji kulichagua jina hilo kwenye kioo cha kishikwambi. Hatua ya tatu, ambayo haionekani kwa macho, ni vifaa hivyo viwili kutengeneza ufunguo wa siri ambao kila kimoja kitauhifadhi. Hapo ndipo ile kazi ya pili ya waya, kazi ya ushahidi, inapopata mrithi wake. Waya ulionekana kwa macho, na ufunguo hauonekani. Lakini vyote viwili husema jambo moja: huyu ni mwenzi wa huyu.

Namna ya kuutengeneza ufunguo huo imebadilika. Katika utaratibu wa kwanza wa mwaka 1999 mtumiaji alitakiwa kuingiza tarakimu za siri. Visikizi havina mahali pa kuandikia tarakimu, hivyo watengenezaji waliviwekea tarakimu zisizobadilika, mara nyingi 0000, wakazichapisha katika vitabu vya maelezo. Siri iliyochapishwa kitabuni si siri tena. Mwaka 2007 ulikuja utaratibu mwingine, uliojengwa juu ya wazo ambalo Whitfield Diffie na Martin Hellman walilitangaza mwaka 1976, kwamba watu wawili wanaweza kuzungumza mbele ya hadhara na bado wakatoka na siri moja ambayo wasikilizaji hawaijui. Tangu hapo, vifaa viwili vyenye vioo huonyesha tarakimu 6, na mtumiaji huthibitisha kuwa zinafanana pande zote mbili. Visikizi, kwa kuwa havina kioo, haviwezi kuonyesha tarakimu, kwa hiyo hukubaliana bila uthibitisho huo. Ndiyo maana inashauriwa visikizi vioanishwe mahali palipotulia, si katika ukumbi uliojaa vifaa vilivyowashwa.

Baada ya hapo ndipo kunakuja tendo la kila siku. Kisikizi kikiwashwa humtafuta mwenzi ambaye ufunguo wake kimeuhifadhi. Kikimpata, njia hufunguka na sauti hupita. Kikizimwa, njia hufungwa, lakini ufunguo haufutiki. Ndivyo ilivyokuwa katika darasa lile. Visikizi vilikuwa na ufunguo wa kishikwambi cha chumba cha pili, vikakisikia ng'ambo ya ukuta, vikakifungulia njia.

Mambo haya yalikuwa ya hiari kwa muda mrefu, maana aliyeshindwa aliweza kurudi kwenye waya. Hali hiyo imekuwa ikibadilika. iPad ya kwanza ya Apple, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa na tundu la kichomeo. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliuza simu yake ya iPhone 7 bila tundu hilo, mwaka 2018 ikaliondoa katika iPad Pro, na mwaka 2022 katika iPad ya kawaida. Kampuni nyingine nazo zimelifuata. Kwetu Tanzania, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya kazi hiyo vishikwambi vikagawiwa walimu. Hivyo jambo lililoanza kama starehe ya wapenda muziki limeingia darasani, na darasani hakuna nafasi ya istilahi yenye kupapasa.

5. Uchaguzi wa kitenzi

Tuangalie sasa vitenzi vilivyopendekezwa kwa tendo la kwanza.

Kipo kuunganisha. Ni neno jema, lenye umri, na linaeleweka kila mahali. Ila hatari yake tumekwisha kuiona. Likipewa matendo yote mawili, mwalimu hatajua ni lipi hufanywa mara moja na lipi hufanywa kila siku. Kipo kutambulisha, ambacho kinagusa maana ya kujuana. Lakini utambulisho unaweza kuwa wa upande mmoja, nami naweza kukutambulisha kwa mtu asiyekujali. Kipo kujozisha, kutokana na jozi. Kinapendeza kwa udogo wake, lakini jozi ni ya vitu viwili vinavyofanana, kama viatu, na kisikizi hakifanani na kishikwambi. Zaidi ya hayo, visikizi vyenyewe tayari ni jozi, vya kushoto na vya kulia, na mkanganyiko mpya utazuka.

Kipo kuoanisha, ambacho kimekwisha kutumika katika menyu za simu nyingi zinazozungumza Kiswahili. Tunakiunga mkono, na sababu yetu imo katika unyambulishaji wake. Linganisha mifuatano miwili: unga, ungana, unganisha, na oa, oana, oanisha. Viambishi ni vilevile. Tofauti iko katika mizizi. Kuunga ni kazi ya mikono: fundi huunga mbao, mpishi huunga mchuzi, na mbao haiulizwi. Kuoana ni kazi ya ridhaa, na hakukamiliki bila pande mbili kukubali. Tena kitenzi oana kimekwisha kupanuka zamani hata kikatumika kwa rangi zinazopatana na mawazo yasiyopingana, kwa hiyo hatukilazimishi kubeba mzigo kisiouzoea. Ridhaa ya pande mbili, inayofanywa mara moja na kukumbukwa daima, ndiyo dhana tunayoitafutia jina.

Pingamizi zipo. Katika kikao kimoja mjumbe mkongwe alituuliza, kwa kicheko lakini si kwa mzaha mtupu, kati ya kisikizi na kishikwambi nani huoa na nani huolewa. Tulimjibu kwamba kauli ya kutendana inatuepusha na swali hilo. Akauliza tena: visikizi vikioanishwa na vishikwambi vitatu, je, si mitala? Tulikubali kuwa ni mitala, tukaongeza kwamba kila mwenye mitala anajua zamu ni jambo la lazima, na kwamba ugomvi wa zamu ndio uliomkuta yule mtoto wa Jiografia. Wajumbe walicheka, lakini walielewa, na istilahi inayoeleweka hata kwa mzaha wake ina afya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, si heri tuseme hedifoni, bluutuuthi na peya, tuendelee na kazi? Hatuna ugomvi na ukopaji. Redio, kompyuta na intaneti ni raia kamili wa Kiswahili. Lakini tunakopa jina la kitu ili kukitaja. Tunapokopa jina la tendo bila kulielewa, tunabaki na sauti isiyoelekeza mkono. Mwalimu aliyeambiwa "peya" atauliza "nifanyeje?", na aliyeambiwa "oanisha" amekwisha kuambiwa nusu ya jibu.

Kwa hiyo tunapendekeza mfuatano ufuatao. Kujitangaza: kisikizi kukubali kuonekana kwa muda. Kuoanisha: vifaa viwili kukubaliana na kuhifadhi ufunguo, jambo la mara moja. Kuunganisha: kufungua njia ya sauti kati ya vifaa vilivyokwisha kuoanishwa, jambo la kila mara. Kutenganisha: kuifunga njia hiyo bila kufuta ufunguo. Kusahau: kufuta ufunguo. Wapo waliotaka talaka mahali pa kusahau. Tumeikataa, kwa kuwa kinachofutika ni kumbukumbu, na kusahau kunaitaja kumbukumbu kwa jina lake.

Tahadhari moja inahitajika. Mwaka 2022 ulitangazwa utaratibu mpya wa njia hiyohiyo, ambao mtambo mmoja unaweza kupeleka sauti kwa visikizi vingi katika ukumbi, msikitini, kanisani au kituo cha mabasi, pasipo kuoanishwa na hata kimoja. Hapo kuoanisha kusitumike. Tendo hilo ni kutangaza, nasi tunalo neno lake tangu siku za mwanzo za redio.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba waya ulibeba sauti na ushahidi kwa pamoja. Ulipoondolewa, sauti ilipata upepo wa kupitia, na ushahidi ukahitaji tendo jipya na jina jipya. Lugha iliyotoa jina moja kwa mambo hayo mawili imeurudisha waya mahali ambapo haupo, na msomaji ataufuata kwa macho hadi mwisho asiuone.

Mwongozo ule tuliurekebisha. Agizo lake sasa lasomeka hivi: "Oanisha visikizi na kishikwambi mara moja tu. Kila unapotaka kusikiliza, viwashe na uhakikishe kwenye kioo kwamba vimeunganishwa na kishikwambi chako, si cha mwingine." Maneno yameongezeka kidogo. Tulipourudisha katika shule ile, mwalimu aliusoma, akatazama kioo, akatikisa kichwa, akaenda chumba cha pili kumwomba mwenzake avisahau visikizi. Kisha akarudi na kuvioanisha upya. Mtoto alivivaa, akasikiliza kidogo, akainua mkono kusema kwamba leo kumbe ni Historia.

Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa wanaoandika miongozo ya vifaa hivi watuletee sentensi zilizowatatiza, pamoja na maneno ambayo watu wa mahali pao wamekwisha kuyabuni. Mara nyingi neno tunalolitafuta vikaoni limekwisha kusemwa sokoni, nasi kazi yetu ni kulisikia.